Ushauri: "Watoto wanasema najichuria"

SWALI

Ndugu mshauri,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, nina miaka 64, naishi na mke wangu nje kidogo ya mji wa Pangani. Mwaka jana miguu ilianza kuvimba na nikawa nakosa pumzi kila nikipanda kilima kidogo. Hospitali wakanipima wakaniambia moyo umetanuka. Natumia dawa kila siku, chumvi nimepunguza, na daktari hakunificha: huu si ugonjwa wa kupona, ni wa kuishi nao.

Binti yangu aliye Dar es Salaam alininunulia simu yenye kamera nzuri ili nisikae bure. Nikitoka kuswali alfajiri napita ufukweni nikipiga picha: mizizi ya mikoko, majani yanayooza, kaa waliobaki magamba, maua ya mbuyu yaliyoanguka. Mwanafunzi wangu wa zamani alinionyesha haiku, zile tungo fupi za Kijapani, na sasa kila picha naitungia ya kwake. Nikifanya hivyo, ile hofu inayonijia usiku hupungua. Siwezi kueleza kwa nini.

Shida iko nyumbani. Mwezi uliopita nilimkuta mdiria amekufa mchangani, mabawa bado ya buluu. Nikampiga picha, nikatunga haiku, nikaituma usiku kwenye grupu la familia la WhatsApp. Binti yangu akapiga simu analia. Mwanangu wa kiume akasema, "Baba, unajichuria." Mke wangu hakusema kitu, lakini siku hizi nikishika simu anatoka chumbani. Hata ile siku niliyokosa kliniki kwa sababu maji yalikuwa yametoka vizuri, hakunigombeza, alinyamaza tu.

Je, nakosea? Ni uchuro kuyatazama mauti namna hii? Nakutumia picha moja unipe maoni. Ni ua la mbuyu ulio nyuma ya nyumba, limeanguka, na pembeni imeingia pua ya mbuzi wa jirani. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikaa barazani nikisikiliza popo wakigombana matawini. Haiku yake ni hii:

Ua shinani
hata sisi twapita
kama wageni

Mwalimu, Pangani

JIBU

Shikamoo, Mwalimu.

Naanza na jambo ulilolipitia haraka, la kliniki. Wewe ni mtu wa pwani, unajua kuliko mimi kwamba siku za bamvua maji hutoka sana mida ya saa 4 na saa 5 asubuhi, saa zile zile ambazo wagonjwa wako kwenye benchi wanasubiri kuitwa. Lakini kesho yake maji hutoka tena, yamechelewa kwa kama dakika 50 tu, na keshokutwa vilevile. Tarehe ya kliniki haina utaratibu huo. Mwenye moyo uliotanuka hupimwa presha na uzito, huangaliwa miguu kama maji yamejaa, na dawa huongezwa au kupunguzwa kulingana na yatakayoonekana. Nenda wiki hii, usingoje tarehe nyingine. Na kwenye tope la mikoko usiingie peke yako: linachosha hata kijana, na siku za bamvua maji yakianza kujaa hupanda mita 3 na zaidi kwa muda wa saa 6. Nahisi mkeo anatoka chumbani kwa ajili ya hili zaidi kuliko kwa ajili ya haiku. Anaona simu imeanza kushindana na dawa.

Sasa swali lenyewe. Hapana, Mwalimu, si uchuro. Nawaelewa wanao. Tumelelewa kuchunga ulimi, na mzee akianza kutaja kifo chake mbele ya watoto huambiwa upesi, "Usiseme hivyo." Ni upendo, na wala siwacheki. Lakini watu wa pwani yetu hawajawahi kuogopa kuyatazama mauti. Wanazuru makaburi, na dini inawahimiza wayakumbuke mauti. Yapata miaka 200 iliyopita Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, nawe bila shaka umeisomesha. Mle anausemesha moyo wake mwenyewe, anautembeza kwenye majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na karamu na sasa ni makazi ya popo na ndege. Hakuna aliyesema Sayyid Abdalla alijichuria. Nguvu ya utungo ule, kwa masikio yangu, haiko kwenye mawaidha yake peke yake. Iko kwenye vyumba vile. Mtu alivitazama kwa makini, akatutajia kimoja kimoja.

Hilo ndilo ninalotaka tuliongee, kwa sababu nadhani ndiko unakotoka unafuu unaoshindwa kuueleza. Hofu ya saa 8 usiku haina pembe wala mwisho, inajaa chumba kizima. Ua la mbuyu lina petali tano. Lina upande uliochubuka ukawa wa kahawia, lina mchanga uliogandia, lina chungu wawili watatu. Ukilitazama kwa robo saa, ukatafuta maneno yake, akili yako imeshughulika na kitu kinachokufa ambacho kina ukubwa wa kiganja. Unakiweza. Hujayakimbia mauti, umekaa nayo mahali unapoyamudu.

Wajapani wanaye mtu aliyeifanya kazi hii akiwa mgonjwa kuliko wewe. Masaoka Shiki alizaliwa mwaka 1867, na ndiye aliyeufanya utungo huu usimame peke yake kwa jina la haiku. Alianza kutema damu akiwa kijana wa miaka 20 na kidogo. Kifua kikuu kikaingia uti wa mgongo, na miaka yake ya mwisho aliimaliza amelala katika nyumba ndogo ya Negishi, Tokyo, hawezi hata kugeuka bila maumivu. Marafiki zake wakamtilia mlango wa kioo ili aione bustani kutoka kitandani. Akawa anaandika kila siku kwa ajili ya gazeti, na kimojawapo cha vitabu vyake vya mwisho kina jina linalotokana na urefu wa kitanda hicho, futi sita. Alichohimiza ni mshairi achore kwa maneno kile anachokiona, jinsi mchoraji anavyochora jani lililo mbele yake.

Katika bustani ile kulikuwa na madodoki. Ndiyo, dodoki hili hili tunaloogea. Wajapani wa wakati ule walikinga utomvu wa mtambaa wake na kuunywa kama dawa ya makohozi. Tarehe 18 Septemba 1902 Shiki aliinuliwa, akashikiliwa ubao, akaandika haiku tatu, zote juu ya dodoki na utomvu wake na makohozi yake. Usiku uliofuata akafariki, bado hajatimiza miaka 35, na hadi leo siku ya kumbukumbu yake inaitwa kwa jina la dodoki. Mtu alikuwa na saa chache za kuishi akaandika habari ya mmea wa bustanini na dawa iliyochelewa. Hakuna mawaidha hata kidogo.

Kwa hiyo endelea, Mwalimu. Lakini kuna mambo mawili ya kurekebisha, moja la nyumbani na moja la utungo, nayo yanahusiana.

La nyumbani. Jiweke mahali pa binti yako. Yuko Dar es Salaam, anajua baba ana moyo mbovu, mbali na hapo hajui lolote: hajui daktari alisema nini hasa, hajui unataka nini siku ikifika, na hawezi kuuliza kwa sababu hata yeye amefundishwa kutouliza. Usiku simu inalia, anaona ndege aliyekufa na maneno machache ya baba yake chini yake. Angeyasomaje? Aliyasoma kama kuaga. Mwanao naye vivyo hivyo. Kwa kuwa hujawaambia jambo lolote waziwazi, kila utungo wako unageuka wosia wa mafumbo, na wao wanakaa wanaufumbua huku wanatetemeka.

Dawa yake ni kuandika wosia ulio wosia. Wakusanye wanao, au wapigie wote pamoja, mchana, mkeo akiwa kando yako. Waeleze ugonjwa kwa majina yake na dawa unazotumia. Waambie unadaiwa na nani na unamdai nani, maana unajua deni linalipwa kabla mirathi haijagawanywa. Waambie karatasi za kiwanja ziko wapi, malipo ya pensheni yanapitia benki gani, ungependa uzikwe wapi. Kama kuna jambo unataka kumwomba mtu radhi, mwombe. Yaandike, muweke sahihi na mashahidi. Kazi hii ni ngumu, huenda mtalia. Ikishakwisha, picha ya ndege aliyekufa itakuwa picha ya ndege aliyekufa, na watoto wataweza kuona kwamba mabawa yalikuwa ya buluu.

Na usiku usitume. Tuma asubuhi, ukiwa umeanza na salamu na habari za mama yao.

La utungo sasa, nami nasema na mwalimu wa Kiswahili kwa hiyo nitasema bila kuzunguka. Mizani yako ni sahihi, 5, 7, 5. Mpangilio huu haukupi shida kwa sababu masikio yako yamezoea mshororo wa shairi, mizani 8 kwa 8, na haiku nzima inazidi mshororo huo kwa mizani moja tu. Kiingereza hakina wepesi huo wa kuhesabu. Kijapani kinao, silabi zake nyingi zinaishia na irabu kama zetu. Basi una nafasi ya mshororo mmoja. Wewe mshororo huo umeutumia hivi: mizani 5 kwa ua, 12 kwa mawaidha.

"Hata sisi twapita kama wageni" ni maneno ya kweli, na yamekwisha kusemwa misikitini, matangani na kwenye khanga. Msomaji anayapokea kwa kutikisa kichwa, anaendelea na safari. Tena, kwa barua yako mwenyewe, si hivyo unavyojisikia. Unaamka usiku una hofu. Utungo wako ni mtulivu kukushinda. Kobayashi Issa, mshairi mwingine wa Kijapani, aliyajua vizuri mafundisho ya dini yake kwamba dunia inapita. Binti yake mdogo, Sato, alipofariki kwa ndui mwaka 1819, Issa alitunga haiku inayokiri mafundisho hayo, kisha inashindwa kutulia nayo. Watu wameihifadhi kwa karne mbili kwa sababu ya huko kushindwa. Huna wajibu wa kuwa mpole mbele ya kifo kwenye karatasi kama si mpole kitandani.

Rudi kwenye picha. Ulichokiona ni kikubwa kuliko ulichokiandika, maana mle mna mbuzi. Umemtaja kwenye barua kama aliyeingia kwa bahati mbaya, nami nikiitazama picha ndiye ninayemtazama: pua yenye unyevu, nywele za kidevu, imesimama juu ya kitu cheupe. Jaribu kumwachia nafasi:

Ua shinani
mbuzi analinusa
kisha apita

Neno lako la kupita bado limo, ila sasa limekabidhiwa mbuzi, wala hakuna aliyeambiwa alihusishe na maisha yake. Atakayetaka kulihusisha atalihusisha.

Hata hivyo, hii ni haiku ya kusomwa bila picha. Ikikaa chini ya picha inakuwa imerudia: ua naliona, mbuzi namwona. Wajapani wana jadi ya zamani ya kuweka mchoro na haiku kwenye karatasi moja, na Yosa Buson wa karne ya 18 alikuwa bingwa wa vyote viwili. Katika jadi hiyo maneno yanapendeza zaidi yakikaa pembeni ya mchoro, yakileta kisichochorwa. Kamera yako haikunasa usiku uliopita, haikunasa sauti, haikunasa kwamba ulikuwa macho. Wale popo uliowataja kwenye sentensi moja ndio waliokuwa wanahitajika hapo:

Jana usiku
popo waligombana
hapa gizani

Weka hiyo chini ya ua lililolala mchangani na pua ya mbuzi, usome tena. Sikwambii ndiyo iliyo bora, wewe uliyekuwepo utapata iliyo bora zaidi. Nakuonyesha tu mlango ulipo. Kila ukipiga picha, jiulize kamera imekosa nini: harufu, upepo, nani alikuita wakati huo, kulikuwa na kusi au kaskazi. Haiku ya jadi hubeba neno la majira, na pwani yetu ina maneno hayo mengi kuliko tunavyoyatumia siku hizi, masika, kipupwe, vuli, matlai. Yarudishe kazini.

Na popo wale hawakuwa wapita njia. Ua la mbuyu huning'inia kichwa chini na hufunguka magharibi, harufu yake nzito huwaita wanywe nekta, nao wakitoka wamebeba chavua. Asubuhi limeshaanza kunyauka, na haupiti muda mrefu limo mchangani. Maisha yake yote ya kuwa wazi ni takriban siku moja. Linaota kwenye mti ambao jamaa zake kusini mwa Afrika wamepimwa kwa kaboni wakaonekana kuzidi miaka 1,000, na mmoja wa Zimbabwe kuzidi 2,000, nao pia umekwisha kufa. Hadi sasa umelipiga picha ua baada ya kuanguka tu. Maadamu mbuyu wako bado unachanua na uko nyuma ya nyumba, hakuna kilima wala tope, ningependa uchague ua moja la tawi la chini ulifuate tangu halijafunguka. Kaa kwenye kiti, viwiko magotini ili mikono itulie. Futa kioo cha kamera, kwa maana chumvi ya bahari hukitia ukungu. Usikuze picha kwa vidole, sogea wewe. Gusa ua kwenye skrini kisha punguza mwanga kidogo hadi mikunjo ya petali ionekane, la sivyo weupe wake utafuta kila kitu. Giza likiingia, weka simu mfukoni usikilize.

Kaa na mkeo hapo. Usimwite kwa maneno makubwa ya mauti na sanaa, mwambie unataka kuona ua la mbuyu likifunguka na hupendi kukaa peke yako nje. Ukimaliza mpe simu, yeye ndiye achague picha ya kutuma kwa watoto. Usibishane na chaguo lake. Inawezekana atachagua ua likiwa wazi na kuliacha lililoanguka, na inawezekana anayaona mambo ambayo wewe, kwa kuwa macho yako yameelekea mchangani mwaka mzima, umeyapita. Nalisema hili kwa uzito. Ukiona vitu vilivyo hai havikuvuti tena kabisa, chakula hakina ladha, au unaanza kutamani yaishe, hilo si la haiku. Mwambie mkeo siku hiyo hiyo, na mwambie daktari.

Mwisho, simu hupotea na simu hufa. Picha zile unazozipenda zipeleke studio Tanga wakuchapie kwenye karatasi, nyuma yake uandike kwa penseli tarehe, mahali, na haiku ukiwa umeridhika nayo. Daftari la wosia liwe mbali na albamu hiyo, kabati tofauti. Ukiniandikia tena nitafurahi kuona ua likiwa wazi, lakini mstari wa kwanza wa barua uwe habari ya kliniki: uzito ulikuwa kilo ngapi, na daktari amesemaje kuhusu miguu.